Mwalimu Tuliyemgeuza

Nataka kuanza na jambo ambalo watu wa Kamina hulisahau kila wanapomsimulia: yule mtu hakuwa mwongo. Miaka yote niliyopakana naye, uzio mmoja wa matete kati ya kiwanja chake na changu, sikumsikia hata mara moja akisema jambo ambalo yeye mwenyewe hakuliamini. Taabu yetu yote ilianzia hapo.

Alifundisha jiografia katika shule ya sekondari, lakini mjini hakujulikana kwa jiografia. Alijulikana kwa hotuba. Kila mwaka, mvua za kwanza zilipokaribia, wakubwa wa zone, yaani wilaya yetu, walimwita kwenye ukumbi wa misheni ili awaeleze raia hali ya nchi, siasa yake na uchumi wake, na jinsi mwaka unaokuja utakavyokuwa. Kwa Kifaransa jambo hilo liliitwa *les perspectives*. Kwa hiyo wengine walimwita Citoyen Perspectives, yaani Raia Matazamio, lakini hawakuthubutu kumwita hivyo mbele yake. Mbele yake alikuwa Mwalimu, basi.

Mimi ni fundi wa cherehani. Abakosti yake niliishona mimi, lile koti lisilovaliwa na tai ambalo enzi za Zaire kila mwanamume wa ofisini alipaswa kuwa nalo. Alikuwa na moja tu, la rangi ya majivu. Kila mwaka kabla ya hotuba aliniletea nilipunguze kiunoni. Mwanzoni nilipunguza kidogo. Miaka iliyofuata nilipunguza zaidi, mpaka mifuko miwili ya mbele ikakaribia kusalimiana. Yeye alisimama mbele ya kioo changu, akageuka huku na huku, akasema vitambaa vya siku hizi vina tabia ya kutanuka.

"Vinatanuka, Mwalimu," nilijibu, maana mteja ni mteja.

Usidhani alikuwa mtu wa kujipendekeza. Hao tuliwajua, tulikuwa nao wengi, na hakuna aliyehangaika kuwasikiliza. Mwalimu hakupewa kitu kwa hotuba zile, si mfuko wa unga, si baiskeli. Mwaka mmoja walimpa kalenda, na ilikuwa ya mwaka uliokwisha. Aliitundika sebuleni kwa sababu ilikuwa na picha ya bwawa la umeme, na mgeni akiingia alioneshwa bwawa kabla ya kuoneshwa kiti. Kwamba nyumba yake haikuwa na umeme hakuliona kama jambo linalohusiana na bwawa.

Alikuwa na msemo wake. Kila kilichopungua, kila kilichoharibika, mshahara usipofika, dawa zisipofika, daraja likianguka, alisema, "Ile iko paka homa ya meno." Yaani ni homa ya meno tu: nchi ni mtoto, na mtoto anayeota meno lazima apate homa. Ukimwona mtoto ana homa humtupi, unangoja jino litokeze. Alisema hivyo kwa upole kabisa, kama anayekupa pole kwa mtoto wako wa kumzaa.

Mkewe, Mama Numbi, alikuwa akitwanga siku moja niliyokuwepo. Alisimamisha mchi akasema, "Mutoto gani huyu? Anaota meno mpaka anaota na mvi."

Mwalimu alicheka. Alikuwa mwepesi wa kucheka, hasa akichekwa yeye, na hilo ni jambo adimu kwa mtu mwenye imani.

Jumapili baada ya misa alikwenda stesheni. Kamina ni mahali reli zinapogawanyika: moja inashuka kusini kwenye migodi, moja inaelekea magharibi, moja inapita Kabongo kuelekea ziwa kubwa. Mwalimu aliona hilo ni dalili, ingawa hakueleza ni dalili ya nini. Alisimama pale jukwaani, mikono nyuma. Treni ya madini ikipita alivua kofia na kusema, "Munaona? Inchi inatembea." Treni isipopita, alivaa kofia yake na kusema, "Banatengeneza njia. Inchi inajitengeneza." Hapakuwa na treni, iliyokuja au isiyokuja, iliyoweza kumvunja moyo.

Ukitaka mambo yaliyogongana ndani yake, yalikuwa tele. Amri ilipotoka kwamba tuache majina ya Kizungu tuchukue ya mababu, yeye alikuwa wa kwanza shuleni kuliacha la ubatizo, na aliliacha kwa furaha, kama mtu anayevua kiatu kinachobana. Lakini alibaki katika kwaya ya parokia, sauti ya nne, na nyimbo za Kilatini alizijua kuliko Padri. Padri alipomwita kwa jina la zamani aliitika kwanza, ndipo akakumbuka kukasirika. Vilevile aliwahimiza wanafunzi wapende kilimo kwa sababu kilimo ni kipaumbele cha taifa, na yeye mwenyewe hakuweza kutofautisha gugu na karanga. Siku za salongo, zile kazi za lazima za Jumamosi, alipewa fagio tu, maana mara ya mwisho alipopewa jembe aling'oa maua yote ya Komisera wa Zone na kuyapanga vizuri pembeni.

Kuna habari ya mtihani ambayo wanafunzi wake bado wanaisimulia. Aliuliza, "Nchi yetu inakosa nini?" Jibu alilofundisha lilikuwa fupi: haikosi kitu, ina kila kitu chini ya ardhi na juu yake. Kijana mmoja akaandika: "Inakosa chaki." Mwalimu alikaa na karatasi ile siku nzima. Hatimaye akampa nusu ya alama, kwa sababu, alisema, jibu si sahihi lakini ni kweli. Kesho yake akashuka bondeni kuchimba pemba, ule udongo mweupe ambao wazee wa Kiluba huwapaka watu wanapowabariki, akautengeneza vijiti vya kuandikia ubaoni. Wazee walinung'unika. Yeye akawajibu kwamba jiografia nayo ni baraka, na wazee wakamwacha.

Sasa nieleze tulivyoanza kumgeuza.

Hotuba ya kwanza niliyoihudhuria ilisema masoko yatajaa. Wiki chache baadaye chumvi ilipotea Kamina. Tulisema ni bahati mbaya. Mwaka uliofuata Mwalimu alisifu sana reli, na reli ikalala. Mwaka uliofuata alisema kuhusu sabuni, na mambo ya sabuni mnayajua wenyewe. Aliyeona kwanza ni mama mmoja wa Base, kule kambi kubwa ya jeshi nje ya mji. Tulimwita Mama Adjudan kwa cheo cha mumewe. Alikuwa mtu wa mbali, wa Équateur, amezunguka na mumewe kambi nyingi, na masikio yake yalikuwa yamesikia hotuba za kila pembe. Siku moja sokoni, wanawake tukiwa tunalalamika juu ya chumvi, alisema kwa kile Kiswahili chake cha Kilingala:

"Bamama, yule papa wa hotuba iko muzuri sana. Musimukatae. Paka mumugeuze kama kikwembe, nguo ya kujifunga, ndani inje. Anasema mwaka itakuwa muzuri? Munanunua munyu. Anasema muzuri sana? Munyu na mafuta."

"Na akisema inang'aa?" aliuliza mmoja.

"Akisema inang'aa, panda mihogo mpaka mu mulango ya kanisa."

Tulicheka, kisha tukafanya hivyo. Na ilitusaidia. Baadaye niliambiwa sababu na mtu wa ofisini: maneno makuu ya hotuba yalitoka juu, na huko juu, kadiri walivyokuwa na wasiwasi ndivyo walivyoagiza maneno matamu. Mwalimu aliyapokea kama mkulima anavyopokea mvua, akayaongezea moyo wake wote. Sisi hatukujua hayo. Tulijua tu kwamba akisema nzuri ni mbaya. Baada ya hotuba watu waliulizana mlangoni, "Umegeuza?" na kila mtu akaenda moja kwa moja sokoni na kikapu. Mwaka mmoja alisema maendeleo yanayokuja hayajawahi kuonekana, na kabla ya saa sita hapakuwa na kibiriti hata kimoja mjini.

Ukumbi ulijaa kuliko misa ya Pasaka. Watu walitoka vijijini kwa baiskeli, wavuvi wa Kinkondja walipanga safari zao za samaki wakavu zikutane na hotuba, wake wa wanajeshi walikuja kwa lori. Mwalimu aliona umati ule, kisha akaona soko linavyochangamka mara tu anaposhuka jukwaani, akafikia hitimisho ambalo mtu yeyote msomi angelifikia. Mwaka uliofuata alilitia ndani ya hotuba kabisa: "Bantu bako na imani. Mara nilimaliza kusema, banakimbia ku soko kununua. Muntu mwenye kuogopa hanunue." Tulipiga makofi sana, kisha tukakimbia sokoni.

Nyumba moja tu haikununua chumvi. Ilikuwa ya Mwalimu.

Hilo lilinisumbua. Mama Numbi hakuwa mjinga, alitushinda sisi wote kwa akili, na watoto wake walikuwa wanne, wembamba kama nyuzi ninazokata mimi. Mshahara wa mumewe ulikuja ulipopenda. Nilikuwa nampitishia chumvi kwenye uzio, imefungwa kwenye jani la mgomba, na siku moja nikamuuliza kwa nini hageuzi kama wengine.

"Mama Ilunga," aliniambia, "bwana amesema mbele ya bantu kama itakuwa muzuri. Minyi nikienda kununua munyu, ni kama namuita mubongo, muntu wa kudanganya, mbele ya soko muzima. Akisema itakuwa muzuri, njo vile itakuwa."

"Na watoto?"

Alichukua jani lile na kunishukuru kwa Kiluba, "Wafwako," akaingia ndani.

Watoto ndio waliokuwa shida yake, na tiba yake aliijua. Kaka yake mkubwa alikuwa Kabongo, msimamizi wa ardhi ya ukoo, na alikuwa amewatengea shamba la bondeni, udongo mweusi, karibu na maji. Kila kiangazi kaka huyo alishuka kutoka kwenye treni na mfuko wa mahindi, akakaa chini ya kalenda yenye bwawa, akauliza swali lile lile: mtakuja kulima au hamji? Mama Numbi kila mwaka alikuwa tayari. Nilimwona akifunga vyungu kwenye mikeka wiki nzima kabla ya hotuba. Mwalimu alimwambia shemeji yake, kwa heshima zote, "Eyo, vidye, ndiyo bwana, lakini ngoya kwanza nisikie mwaka itakuwa namna gani." Kisha alikwenda ukumbini, akajisikia mwenyewe akisema mwaka utakuwa mzuri, akarudi nyumbani ameridhika. Na mkewe akafungua vyungu. Nilikuwa naisikia ile sauti ya vyungu upande wangu wa uzio, kimoja kimoja vikirudi mahali pake. Nilimwonea huruma sana, na mumewe nilimwonea hasira ambayo haikudumu, kwa sababu kesho yake alikuwa anakuja kunisalimia vizuri mno.

Ndipo kiangazi kimoja kaka akaja bila mahindi. Alisema maneno machache. Kuna mpwa aliyeoa, anataka shamba, na ardhi haiwezi kulala milele kwa ajili ya watu wanaosikiliza hotuba. Mvua za mwaka huo zikianza na wao hawapo, bonde litakuwa la mpwa. Alikunywa maji, akarudi stesheni.

Siku ile nilisikia kupitia uzio ugomvi wa kwanza wa nyumba ile. Ulikuwa wa sauti ya chini, na Mwalimu ndiye aliyeanza. Alisema hawezi kukimbia nchi ikiwa inapanda, watu wana imani, mkewe haoni wanavyonunua?

Mama Numbi akasema, "Banakugeuza."

"Namna gani?"

"Banakugeuza, papa. Bote. Ukisema muzuri, banafahamu mubaya. Njo juu ya ile banakimbia ku soko. Miaka yote njo vile."

Jioni ile unga haukutwangwa.

Siku kadhaa alipita mbele ya mlango wangu bila kofia. Jumapili alikwenda stesheni, treni ya madini ikapita, na hakusema neno. Kisha akaniletea koti. Nilianza kumpima, pini mdomoni, naye akauliza akitazama kioo:

"Mama Ilunga, ni kweli munanigeuza?"

Nilikuwa na pini tano mdomoni, nikazitoa moja moja.

"Mwalimu, simama vizuri, mukono iko napanda."

"Basi ni kweli," alisema.

Alilipa, akanishukuru, akaondoka. Usoni hakuonekana mtu aliyekasirika. Alionekana kama mtu aliyeambiwa kwamba ile nyumba anayoijenga kwa miaka yote iko kwenye kiwanja cha jirani.

Siku ya hotuba ya mwaka ule ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Komisera wa Zone alikuwa mpya, mtu wa kaskazini, Kifaransa chake kizuri, Kilingala chake kizuri zaidi, Kiswahili chake bado kinatafutwa. Alikaa mbele na karani wake pembeni. Mama Numbi alikaa safu ya pili na watoto wote wanne, na hilo halikuwa la kawaida, kwa kawaida alibaki nyumbani na vyungu. Mwalimu alifungua kwa Kifaransa, akawashukuru wote waliopaswa kushukuriwa. Halafu akakunja karatasi yake, akaitia mfukoni, akaanza kusema Kiswahili chetu.

"Bandugu, nitasema polepole. Mwaka yenye kuya itakuwa mubaya. Bunga ya kusini haitafika, treni iko nachoka. Mihogo iko na bulozi, bugonjwa ya kale kadudu keupe, na dawa haiko. Mushahara haitakuya. Ile haiko homa ya meno. Mutoto anagonjwa. Mwenye kuwa na shamba, aende ku shamba yake. Mwenye kuwa na chakula, achunge."

Akairudia yote kwa Kiluba, kwa ajili ya wazee wa vijijini. Enzi zile mtu hakusimama mbele ya Komisera akasema maneno yale na kurudi kulala nyumbani kwake. Nilijua hilo, ukumbi wote ulijua.

Ndipo kutoka nyuma kabisa Mama Adjudan akapiga vigelegele.

Mjue kwamba hatukukubaliana. Ilitokea tu. Amesema mubaya! Miaka yote hajawahi kusema mubaya! Mtu alimkumbatia jirani yake, wavuvi walirusha kofia, wazee walisimama wakagonga fimbo sakafuni, na makofi yakawa makubwa kiasi kwamba njiwa wa Padri waliruka paani. Mimi pia nilisimama. Nilicheka mpaka machozi. Nilifikiri: mwaka mzuri, hatimaye, Mungu ametukumbuka. Komisera alimwinamia karani wake kumuuliza mtu huyu amesema nini. Karani, ambaye tayari alikuwa anapiga makofi, alimjibu, "Chef, bantu banafurahi sana." Komisera akapanda jukwaani, akamkumbatia Mwalimu mbele ya wote, akasema kwa Kifaransa kwamba hivi ndivyo mwanataifa anavyozungumza na watu wake.

Ndani ya kelele zile Mama Numbi alikuwa amekaa kimya, mikono mapajani, akimtazama mumewe. Alikuwa analia. Niliona, na nikadhani ni furaha, maana sote tulikuwa tunalia furaha. Kisha akajifunga kikwembe chake vizuri, akawashika watoto, akatoka. Asubuhi iliyofuata alipanda treni ya Kabongo na vyungu vyote. Tulimpungia mikono. Tulisema anakwenda kuwapelekea ndugu zake habari njema.

Mji wetu ukafanya mambo ya mwaka mzuri. Watu waliuza akiba zao za mihogo mikavu bei ikiwa juu, kwa nini waziweke? Walioahirisha harusi wakaoa. Sijawahi kushona kama nilivyoshona mwezi ule, magauni, suti, sare za mabinti wa maharusi. Cherehani ililia mchana kutwa. Niliuza magunia yangu ya mahindi, nikanunua kioo kipya kirefu, kinachomwonesha mtu mpaka viatuni.

Sitasimulia njaa ile. Walioipitia wanaijua, na wasioipitia hainisaidii kuwaambia. Nitasema tu kwamba yote yalikuja kama alivyosema, kwa mpangilio ule ule, unga, treni, kadudu keupe, mshahara. Nitasema pia kwamba kilikuwa kioo kizuri, na kwamba nilipungukiwa nguvu ya kujitazama ndani yake.

Mwalimu alibaki mpaka muhula ulipokwisha, kwa sababu alikuwa ameahidi kuumaliza. Hakukamatwa, hakuitwa popote, Komisera alikuwa bado anamsifu. Ni watu waliomgeuka. Barabarani walimwambia uso kwa uso, "Mwalimu, umetudanganya." Miaka yote ya maneno matamu hakuna aliyewahi kumwita mwongo. Alipoitwa hivyo alisimama, akasikiliza mpaka mwisho, akasema pole. Siku shule ilipofungwa alipita kwangu kuniaga. Alikuwa amebeba kofia na koti lile la majivu, na kalenda aliiacha ukutani.

Miaka ikapita kabla sijamwona tena. Nilikwenda Kabongo kwa msiba wa upande wa mume wangu, na msiba ulipokwisha nikauliza nyumba ya mke wa Mwalimu. Kila mtu aliijua. Walikuwa bondeni, kwenye udongo mweusi. Yeye alikuwa amevaa shati lililofifia na suruali iliyokunjwa, na macho yangu yalikwenda kiunoni bila ruhusa yangu: kilikuwa kimerudi. Bado hakujua jembe. Kazi aliyopewa ilikuwa kufukuza ndege kwenye mpunga, na aliwafukuza kwa sauti ya nne ya kwaya, kwa Kilatini. Watoto walikuwa wakubwa, wana mabega.

Tulisalimiana sana. Kisha akaniuliza, kama zamani tulivyomuuliza yeye, "Na kule Kamina? Munasema mwaka kesho itakuwa namna gani?"

"Tunasema itakuwa muzuri, Mwalimu."

Alinitazama, akageuka, akamwita mkewe. "Mama! Mama Ilunga anasema itakuwa muzuri. Tuongeze shamba ingine."

Alicheka peke yake, kwa muda mrefu, mpaka nami nikacheka. Lakini nilikuwa na swali lililonikaa kifuani miaka yote ile, na kicheko kilipokwisha nikalitoa.

"Mwalimu, ile siku ulikuwa unajua tunakugeuza. Mi mwenyewe uliniuliza. Juu ya nini haukusema muzuri? Ungesema paka muzuri, kama miaka yote, tungechunga chakula yetu. Hatungepata ile njala."

Hakushangaa. Nadhani alikuwa amejiuliza mara nyingi kuliko mimi. Alikaa kwenye kichuguu, akaondoa udongo kwenye magoti.

"Nilifikiri ile," alisema. "Nilifikiri sana. Nikisema muzuri, Kamina yote inachunga chakula. Nikisema mubaya, Kamina yote inauzisha. Niliona vile mbele ya kupanda pale juu." Akamfukuza ndege mmoja kwa mkono. "Lakini Mama Numbi alikuwa anaikala pale mbele na batoto. Na yeye hajanigeuza hata siku moya."

Nilielewa. Kama angesema nzuri, angetuokoa sisi, na mkewe angerudi nyumbani kufungua vyungu, na bonde lingekuwa la mpwa. Nilitaka kukasirika, na nilikasirika, kwa sababu nilimzika mama mkwe mwaka ule na sikuwa na nguvu ya kumlilia. Nilimwambia hivyo. Alisema pole, kama alivyowaambia wengine, na safari hii alisema akinitazama. Nilisimama nikaenda nyumbani kwa mkewe, ambako bukari, ugali wetu, ilikuwa inasongwa.

Mama Numbi aliona uso wangu. Alipakua, akanipa samaki, akakaa karibu nami kwenye mkeka, na tukala. Nikamuuliza kama alijua, siku ile ukumbini, kwamba maneno yale yalisemwa kwa ajili yake.

"Mama Ilunga," alisema, "yule mwanaume miaka yote alikuwa anasema na inchi. Siku moya tu njo alisema na minyi."

Kisha akaniongezea bukari, maana sahani yangu ilikuwa tupu.